Mstari wa Mwisho wa Stensili

Tangu nirudi kutoka Urambo sijaweza kukaa kitako. Nafagia ua nilioufagia asubuhi, nateka maji na pipa limejaa, nabandika chai naisahau mpaka sufuria inanuka. Juzi jirani yangu aliniuliza, "Bi. Zaina, umefiwa au umepotelewa?" Sikujua nimtenganishie vipi hayo mawili. Raheli hakuwa ndugu yangu. Hatukuwa dini moja, na kwa miaka zaidi ya thelathini tulionana kwenye harusi na misiba tu, tukaulizana habari za watoto na mvua, basi. Lakini kuna mwaka mmoja tuliishi chumba kimoja, kitanda hiki na kile, ukinyoosha mkono unamgusa mwenzio, na mwaka huo ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo: mtu ambaye akiandika kitu hukisoma mara tatu, akianzia mwisho. Ya nyumbani nilikotoka sitayasema, hayahusiki. Nasema ya chumba kile.

Nyumba ilikuwa ya Bi. Hadija, pale Isevya, mjini Tabora: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko la kuni. Chetu kilikuwa cha mwisho kushoto, kwa hiyo moshi wa wapangaji wote tuliupata sisi kwanza. Kulikuwa na vitanda viwili vya kamba, sanduku la bati la Raheli, meza moja yenye mguu uliotiwa kipande cha tofali, na mlango wa mbao za mninga, mweusi kwa uzee, ambao Raheli aliugeuza ubao wa darasa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amepangiwa mjini kutoka kwao Urambo, na kila mchana alirudi na vipande vya chaki mfukoni vilivyobaki vidogo kiasi cha kutoshikika na watoto. Akishakula alifunga mlango, akasimama mbele yake na kuanza kuandika. Alikuwa akijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na somo lililomtisha, ambalo pia ndilo alilolipenda, lilikuwa hesabu. Bila hesabu nzuri hangeingia chuo kikuu, na bila chuo kikuu, alikuwa akisema, "nitafundisha kujumlisha mpaka nife." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

Hakutulia. Hata akila alikuwa amesimama. Tulikuwa tukipika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku treni ya Kigoma ikileta migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, tulinunua wawili tukagawana. Mchana wa Jumamosi ulikuwa wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tunavitafuna na karanga. Raheli alishika tobolwa mkono wa kushoto na chaki mkono wa kulia, na mara mbili nilimwona akikosea, akauma chaki. Bi. Hadija alizoea kukaa ukumbini nje ya mlango wetu akichambua mchele, na sauti yake haikujua kunong'ona. "Huyu Mnyamwezi wangu ameandika mlango mzima," alimwambia jirani siku moja. "Akipita mganga hapa atasema nyumba imelogwa, anidai na kuku." Raheli akajibu kutoka ndani, "Shikamoo Bi. Hadija. Kuku wa nini, nitaufuta." "Marahaba. Usiufute. Mwizi akiona yale maandishi hataingia."

Mimi nilikuwa mpiga taipu katika shule moja ya sekondari ya wavulana. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba na kozi ya taipu ya miezi sita, na sina haja ya kuipamba. Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo walimu wa kidato cha tano na sita waliandika masomo kwa mkono, nami nikayapiga kwenye stensili. Kwa asiyeijua, stensili ni karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Unauondoa utepe wa wino kwenye taipu, herufi zinagonga nta yenyewe na kuitoboa, halafu karatasi inafungwa kwenye mashine ya kudurufu, mtu anazungusha mkono na wino unapita kwenye matundu. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, inaziba matundu, unangoja ikauke, unagonga tena. Masomo ya historia yalikuwa mteremko. Hesabu ilikuwa mlima, kwa sababu taipu haikuwa na zile alama. Niliacha nafasi, kisha nikazichora moja moja kwa kalamu ya chuma: ile ndefu kama ndoana iliyopinda juu na chini, na ile d iliyoinama mgongo. Ukikandamiza kidogo haitoboi. Ukikandamiza sana nta inachanika na pale patavuja wino kama jeraha.

Mwenye hesabu alikuwa Mwalimu Mihayo, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu, aliyekuja mwenyewe ofisini kuchukua karatasi zake. Aliwahi kushika moja akaitazama kwenye mwanga na kuniambia, "Binti, ndoana zako zimenyooka kuliko zangu." Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani nikamsimulia Raheli, nikaongeza la kwangu: kwamba tangu nianze kazi sijaacha hata nukta. Raheli alicheka, lakini alisema jambo ambalo sikulisahau. "Mimi sina mwalimu, Zaina. Mkono wako ndio mwalimu wangu." Maana karatasi alizosomea zilitoka kwangu. Kila tulipodurufu, zile za mwisho zilitoka zimejaa wino au zimefifia, na mkuu wetu wa ofisi, Mama Kulwa, aliziruhusu zichukuliwe za kufungia vitu. Mimi nilizikunja kwenye khanga nikampelekea Raheli. Wale wavulana arobaini walikuwa na karatasi na mwalimu. Raheli alikuwa na karatasi tu.

Ijumaa moja, miezi michache kabla ya mtihani, Mwalimu Mihayo alileta somo refu. Lilihusu ile milinganyo inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika, na namna ya kuikamilisha kwa kuizidisha na kitu fulani kilichoitwa kwa jina refu la Kiingereza. Mimi na Raheli baadaye tulikiita kizidisho. Nilipiga taipu tangu saa mbili mpaka adhuhuri. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya ukurasa, ulisema kwamba y sawa na sifuri nayo ni jibu, na mwalimu alikuwa ameupigia mstari chini. Nikachukua kalamu ya chuma na rula nichore ule mstari wa chini. Mkono ulikuwa umechoka. Nta ikachanika, si sana, urefu wa ukucha.

Stensili tulipewa moja kwa somo moja kwa wiki, na kabati lilikuwa chini ya ufunguo wa Mama Kulwa. Hakuwa mkali wa kupiga kelele. Alikuwa na tabia ya kukuuliza, "Nyingine ya nini?" kisha anyamaze mpaka ujione mdogo. Nilimwangalia alivyokaa, nikaiangalia stensili. Nikajiambia kwamba mstari wenyewe unasema sifuri, na sifuri si kitu. Huo ndio uliokuwa upeo wa hesabu yangu. Nikachukua dawa nyekundu nikaupaka mstari wote, mara mbili, maneno pamoja na mchaniko, nikaupuliza mpaka ukakauka. Karatasi za kwanza zilitoka safi, chini peupe kabisa. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Mwalimu Mihayo alipokuja kuzichukua alisoma ya juu, akashuka mpaka chini, akasimama. "Mstari wa mwisho uko wapi?" Nikamwambia stensili ilichanika. Nilimwambia ukweli, na ilikuwa rahisi, kwa sababu hakuwa mtu wa kunitisha. Akafikiri kidogo. "Basi nitawaambia kwa mdomo. Lakini usinifanyie tena, binti. Ule ndio watu wanaousahau." Akaondoka. Kwa hiyo wavulana wote waliupata ule mstari Ijumaa ileile. Aliyebaki ni mmoja tu, naye alikuwa Isevya akiningoja. Njiani kurudi nyumbani nilijua kabisa kwamba nitamwambia.

Jioni ile alikuwa na mikutano ya shule, akarudi amechoka akalala. Jumamosi mchana nikampa karatasi. Akaipitia amesimama, tobolwa mdomoni, halafu akafuta mlango kwa kitambaa chenye maji na kuandika juu, kwa herufi kubwa: y dx – x dy = 0. "Njoo uone," akaniambia. "Wewe ndiye uliyeichora jana, angalau ujue umechora nini." Nikakaa kitandani. Alinieleza kama alivyowaeleza watoto wake, bila haraka, na nitajaribu kuyarudia, ingawa najua nayaelewa nusu. Hesabu nyingine, alisema, zinakuuliza kitu ni kiasi gani. Hizi zinakupa namna kinavyobadilika tu, halafu zinakutaka ukakitafute chenyewe. "Sasa kwanza unajaribu. Hiki kilicho mbele ya dx, tazama kinabadilikaje y ikisogea. Ni moja. Hiki kilicho mbele ya dy, tazama kinabadilikaje x ikisogea. Ni hasi moja. Huku moja, huku hasi moja. Hawaelewani. Wakielewana ujue wametoka kwa mzazi mmoja, na mzazi huyo ndiye jibu."

"Na wasipoelewana?"

"Ndiyo raha yake. Wasipoelewana, mara nyingi si kwamba hawana mzazi. Ni kwamba mtu amepita kabla yako. Alikuwa nacho kizima, akaona kuna kitu kimekaa chini ya vyote viwili, akasema hiki cha nini, akakifuta ili aandike kifupi. Akaondoka. Wewe kazi yako ni kukisia alichofuta, ukirudishe." Akachukua chaki akazidisha pande zote kwa moja juu ya y mraba, akapima tena. Safari hii huku na huku ilitoka kitu kilekile, hasi moja juu ya y mraba. Akakipigia duara mara mbili. "Wameelewana. Na mzazi ni huyu, x juu ya y. Haibadiliki. Umeona?" Niliona. Hata leo naapa kwamba kwa kitambo kile niliona, kama unavyoona samaki majini kabla maji hayajatibuka.

Kisha akachora mistari ya hayo majibu, yote iliyonyooka, yote ikipita kwenye nukta moja katikati ya mlango. Bi. Hadija alikuwa amekuja kuchungulia, ungo mkononi. "Na hiyo nini tena, buibui?" Raheli akacheka. "Hii ni Tabora, Bi. Hadija. Hii njia ya Mwanza, hii ya Mpanda, hii ya Singida. Zote zinakutana hapa." Akaendelea kuchora, moja imelala kidogo, nyingine imelala zaidi, halafu mkono ukasita. Akachora polepole mstari mmoja uliolala kabisa, kutoka bawaba mpaka kitasa. Akarudi nyuma hatua moja. "Huu sina kwenye karatasi," akasema.

"Huo unaotoka Pwani kwenda Ujiji?" Bi. Hadija aliuliza. "Ndiyo njia ya misafara hiyo. Babu zetu waliingilia hapo. Tabora gani isiyo na njia ya Ujiji?" Akaenda zake jikoni, mchele wake ukilia kwenye ungo.

Raheli hakucheka. Alihesabu kwa midomo. "Nilipogawa kwa y mraba, nilimwambia sifuri asubiri nje, maana huwezi kugawa kwa sifuri. Nimemwacha mlangoni. Sasa nimemaliza, lazima nirudi nimtazame." Akaweka sifuri mahali pa y kwenye ule mlinganyo wa juu kabisa. "Sifuri mara hiki, sifuri. Toa hiki mara sifuri, sifuri. Inakaa, Zaina. Imekaa vizuri kabisa." Akaichukua karatasi mezani, akaisogeza dirishani, akaitazama chini. Akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mahali patupu. Halafu akauliza, bila kunigeukia: "Hii karatasi iliishia hapa?"

Nilikuwa na tobolwa mkononi. Nakumbuka uzito wake. "Iliishia hapo," nikasema.

"Hakuna mstari chini?"

"Ungekuwepo ungeuona. Labda umekosea wewe. Mwalimu angeandika."

Akageuka. Hakuitazama karatasi, alinitazama mimi. Macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yanangoja, kama mwalimu anavyomngoja mtoto aliyesimamishwa. Nikatafuna. "Labda nimekosea," akasema mwishowe, akausogelea mlango, na kwa kiganja akaufuta ule mstari uliolala, kutoka kitasa mpaka bawaba. Alama ya kiganja ilibaki pale, nyeupe, mpaka mlango ulipofutwa tena kwa maji.

Nimeulizwa na nafsi yangu mara nyingi kwa nini nilisema vile. Siku zile nilijiambia ni aibu, kwa sababu nilikuwa nimejisifu kwamba siachi hata nukta. Nilipokuwa mtu mzima nilifikiri labda ni wivu, kwamba akifaulu ataondoka, nami nitabaki na kitanda kitupu na moshi. Sasa nimezeeka na sina jibu moja. Ninachojua ni kwamba kusema kweli kwa Mwalimu Mihayo kulikuwa rahisi kwa sababu kwake nilikuwa mpiga taipu tu. Kwa Raheli nilikuwa mwalimu. Sikutaka kuteremka.

Baada ya siku ile hakuniita tena mlangoni. Hakuninunia. Tulipika, tukala, aliniuliza za kazini. Ila chaki ilipoanza kulia kwenye mbao, aliandika amenipa mgongo na hakusema "njoo uone". Karatasi nilizomletea alizipokea kwa kusema "ahsante, shoga," akazisoma mpaka chini, kila mara mpaka chini. Mimi ndiye nisiyetulia sasa. Nilitoka nikatembea mpaka sokoni bila kitu cha kununua, nikarudi nimejiandaa kusema, nikamkuta anasoma, nikatoka tena. Bi. Hadija aliona. "Zaina, una kwato leo?" Mtihani ukafika, akaufanya. Mwisho wa muhula akahamishiwa Urambo, nami nikamsindikiza stesheni, sanduku la bati tukilishika huku na huku. Kabla ya kupanda alinishika mkono akautazama, kwa mzaha nadhani. "Mkono huu," alisema. Kisha akapanda. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata S ya hesabu, ile alama iliyo hatua moja tu juu ya kufeli, haikumfikisha chuo kikuu. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na mwishoni akawa mwalimu mkuu.

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini kwamba ile S niliiandika mimi. Mtihani haumrudishii mtu karatasi yake, hakuna anayejua swali gani lilimwangusha. Lakini mtu mwenye kosa hahitaji ushahidi. Kila tulipokutana nilisema moyoni, leo, na kila mara kulikuwa na mtu wa tatu, au pilau inapakuliwa, au basi linaondoka. Halafu asubuhi moja mwezi huu simu ikalia, na ujumbe ukasema Mwalimu Raheli ametutoka.

Nilifika Urambo kabla ya saa nne. Nyumba ilikuwa na mikeka mpaka barabarani, na harufu ya tumbaku iliyokaushwa ilitoka ghala la jirani. Binti yake, Yunisi, ambaye nilimwona mara ya mwisho akiwa bibi harusi, alinikumbatia muda mrefu. "Mama mdogo Zaina, tunaomba utusaidie wasifu. Mama alikuwa akisema wewe una mkono mzuri wa kuandika." Ndiyo desturi yao Wamoraviani, na sasa ya wengi: kabla ya mazishi mzee wa kanisa anasoma maisha ya marehemu. Wakanikalisha chumbani kwake, wakanipa mfuko wa vyeti vyake nichukue tarehe. Mjomba wake Yunisi, Elia, mdogo wake Raheli, alisimama mlangoni na kusema, "Ukurasa mmoja tu, dada. Jua kali, watu wanachoka."

Chini ya vyeti kulikuwa na karatasi zangu, zote, zimefungwa kwa uzi wa katani. Nilizitambua kwa ndoana. Niliipata ile moja bila kuitafuta sana, nikaipeleka dirishani kama alivyofanya yeye, na nikaona nilichokuwa sijawahi kukiona, kwa sababu Ijumaa ile nilizitazama zile safi za kwanza tu, hizi za mwisho nilizikunja kwenye khanga bila kuzisoma. Ile dawa nyekundu ilikuwa imechoka. Kadiri mashine ilivyozunguka ilikuwa imepasuka, na kwenye karatasi za mwisho, za kufungia vitu, wino ulianza kupenya. Chini kabisa, kwa rangi ya majivu, herufi zimekatikakatika, ulikuwepo: y sawa na sifuri. Na ule mchaniko wa ukucha. Pembeni yake, kwa penseli, kulikuwa na alama ya vema, ndogo, kama anayoweka mwalimu kwenye daftari la mtoto aliyepata.

Kwa hiyo aliuona. Siku ileile dirishani aliuona, akajua kwamba mtu alikuwa nacho kizima akakifuta, akajua ni mkono gani. Aliponiuliza kama karatasi iliishia pale hakuwa anauliza habari ya karatasi. Alikuwa amenifungulia mlango, na mimi nikatafuna tobolwa. Sifuri hakuikosa yeye. Ile S ilitoka mahali pengine, na sitajua wapi. Nilichomkosesha hakikuwa alama. Nilikaa kitandani kwake, kisha nikainuka, nikazunguka chumba, nikakaa, nikainuka. Yunisi akaingia na chai akanikuta hivyo. Nikamwambia yote, palepale, kwa maneno machache. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Hakunipa pole na hakunilaumu. Aliitazama ile karatasi kwenye mwanga, akasema, "Hakuwahi kututajia hili. Alisema tu ulikuwa na mkono mzuri."

Nikauandika wasifu, tukaenda mimi, Yunisi na Elia kwenye steshenari iliyo karibu na stendi, dada mmoja akauingiza kwenye kompyuta. Elia alisoma juu ya bega lake. "Hili la kidato cha sita tuliache, dada Zaina. Alipata S. S si kitu. Tuseme ualimu wake tu."

"Si la mtihani hilo, kaka Elia. Ni la karatasi. Liache."

"Watu hawataelewa."

"Mjomba," Yunisi alisema, "acha mama mdogo aandike."

Yule dada akaguna. "Mama, ukurasa umejaa. Mstari mmoja unaangukia wa pili. Niufute, au nipunguze herufi?"

Nikamwambia asiufute na asipunguze kitu. "Toa kurasa mbili."

Alasiri ile mzee wa kanisa alisoma akiwa amesimama kwenye jua, kwa sauti ya mtu aliyesoma wasifu nyingi. Alisoma kuzaliwa, kubatizwa, shule, ualimu, watoto. Akageuza ukurasa, akasita kidogo kwa kukuta mstari mmoja peke yake, akausoma bila kubadili sauti: kwamba marehemu alijisomea hesabu bila mwalimu, kwa karatasi alizoletewa na mwenzake wa chumba, kwamba mwenzake alifuta mstari wa mwisho wa karatasi moja na kumwambia haukuwepo, na kwamba Raheli alikuwa ameupata mwenyewe. Watu walisikiliza kama walivyosikiliza mengine. Mama mmoja aliyeketi karibu na miguu yangu aliinua uso. "Mstari gani huo?"

"Y sawa na sifuri," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kwa heshima, akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka. Nilibaki nimesimama mpaka walipouinua mwili.